Pazia Refu? Lipunguze Mwenyewe

Hapa Kisian mapazia mengi hutoka Kibuye, lile soko la Kisumu ambalo siku yake kubwa ni Jumapili. Ni mitumba, na mengi yalishonewa madirisha marefu ya ng'ambo. Ukilitundika kwenu linaburura sakafuni, kuku wanalikanyaga, na likikaribia jiko au koroboi nyumba nzima yaweza kuungua. Fundi naye anataka pesa, na mama hana.

Kwanza lifue, ulianike likauke. Wengi huruka hapa. Kitambaa cha pamba hurudi kikifuliwa, kwa hivyo ukikata kwanza, baada ya wiki pazia litakuwa limepanda juu ya dirisha!

Sasa litundike palepale litakapokaa. Pima kuanzia juu, si kutoka sakafuni, maana sakafu zetu nyingi si sawa. Ukitaka sentimita 120, weka alama kwa chaki au kipande cha sabuni kwenye 130. Hizo 10 ni za pindo: kunja 2, kisha 8, ndipo uzi unaochomoka ufichike ndani. Piga pasi, tia pini, litundike tena ulitazame kwa mbali. Ndiyo ushone. Cherehani si lazima, sindano na uzi wa rangi yake vyatosha.

Kama mnaishi nyumba ya kupanga, mimi nasema usikate kabisa. Kunja pindo kubwa tu. Mkihamia penye dirisha refu mtalifumua.

Waliokata wasitupe vipande, vinatoa vitambaa vizuri vya makochi.