Kipasuasanda na Babewatoto

Mwanafunzi wangu mmoja alinijia ofisini akiwa na picha alizopiga katika Msitu wa Karura, hapa Nairobi. Zilionyesha makinda mawili ya bundi wa msituni yamejibanza tawini, manyoya laini mithili ya pamba, macho meusi yameikodolea kamera. Wenzake walikuwa wamekataa kuzitazama. Mmoja alimsihi azifute kabla hazijaleta msiba.

Sikushangaa. Lugha yenyewe imewafunza hofu hiyo. Kamusi za Kiswahili zinamtaja bundi aitwaye kipasuasanda, ambaye mlio wake husemekana kufanana na sauti ya sanda ikichanwa. Mtoto aliyelelewa na jina kama hilo atampendaje ndege huyo? Aghalabu atamrushia jiwe. Lakini lugha iyo hiyo imehifadhi jina jingine la bundi, babewatoto. Nalo pia ni la ndege wa nuksi, ila hebu lichambue: babe ni baba. Na kweli, jike la bundi wa msituni linapoatamia kwa takriban mwezi mmoja, dume ndilo huwinda na kuliletea chakula. (Ni wanaume wangapi miongoni mwetu wanaostahili jina hilo?)

Kisha nikamwuliza kijana: alizipigaje? Akakiri kwamba aliwasha taa ya kamera mara kadhaa, tena alilitikisa tawi ili makinda yageuke. Hapo ndipo tulipokosana. Makinda haya hutoka katika shimo la mti yakiwa na umri wa wiki tano hivi, kabla hayajajua kuruka vizuri. Kinda likishtushwa huweza kuanguka, na huko chini mna nguchiro na nyoka. Mpita njia naye akiliona ardhini hudhani limetupwa, akalibeba nyumbani, ilhali wazazi wake wangali karibu wakililisha.

"Sasa, Mwalimu, mimi na mrusha jiwe tuna tofauti gani?" akaniuliza kwa uchungu. Nilimjibu kuwa tofauti ipo, ila ni ndogo kuliko alivyodhani.

Juma lililofuata alirudi Karura na lenzi ndefu ya kuazima. Alikaa mbali, hakuwasha taa, wala hakumwambia mtu yeyote mti ni upi. Picha alizopata ni hafifu. Katika moja, kinda limetupa kisogo. Hizo ndizo nilizozibandika mlangoni mwa ofisi yangu. Kufikia leo, wahadhiri wawili wameniomba niziondoe.