Bakteria Rafiki na Magonjwa ya Njia ya Hewa (2): Humsaidia Nani, na Wakati Gani?

Juma lililopita tulimfuata Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliyeshikilia mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba bakteria wa maziwa yaliyochachuka wanaweza kurefusha maisha. Tuliona pia jinsi FAO na WHO, mwaka 2001, zilivyoipa probiotiki mipaka: ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji manufaa ya kiafya. Leo tuliulize swali lililowaleta wasomaji wengi kwenye mfululizo huu. Je, mtu aliyeshikwa na mafua au UVIKO-19 anaweza kusaidiwa na bakteria hao? Anaweza. Lakini swali likibaki hivyo, jumla jumla, litatupotosha, kwa sababu kila jaribio lililofanywa vizuri limejibu kuhusu bakteria fulani, kwa mgonjwa fulani, katika hatua fulani ya ugonjwa.

Pingamizi la kwanza ni la haki kabisa: virusi viko puani, kooni na mapafuni, ilhali bakteria wamemezwa kwenda tumboni, watakutana wapi? Hawana haja ya kukutana. Sehemu kubwa ya chembe za kinga za mwili imepiga kambi katika utumbo, na huko ndiko zinakofunzwa kutofautisha adui na asiye adui. Bakteria wa utumboni wanapovunja nyuzinyuzi za chakula hutoa asidi fupi za mafuta ambazo huingia katika damu, na athari yake hufika hadi kwenye chembe za kinga za mapafu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha kuwa panya waliopewa antibiotiki, na hivyo kupungukiwa na bakteria wa utumboni, walishindwa kujenga kinga imara dhidi ya virusi vya influenza. Hata hivyo, kuthibitisha kwamba bakteria wa utumboni wana kazi si kuthibitisha kwamba kidonge cha dukani kitaifanya kazi hiyo. Hatua hiyo ya katikati ndiyo ambayo matangazo ya biashara huiruka.

Tuje basi kwa binadamu. Mwaka 2022 mtandao wa Cochrane ulichambua majaribio 24 yaliyolinganisha probiotiki na kidonge kisicho na dawa, au na kutotumia chochote, yakiwa na washiriki karibu 7,000. Waliotumia probiotiki walipungukiwa kwa takriban robo na uwezekano wa kupata walau ugonjwa mmoja wa njia ya juu ya hewa. Walipougua, waliwahi kupona kwa zaidi ya siku moja. Na matumizi ya antibiotiki kwa ajili ya magonjwa hayo yalipungua kwa takriban asilimia 40. Kwangu hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mafua mengi huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Lakini kila inapomezwa bure huwapa bakteria wabaya nafasi ya kujenga usugu. Mkosoaji atasema ushahidi huo ni dhaifu, na ana hoja: wachambuzi wenyewe waliupa daraja la chini hadi la wastani, bakteria waliotumika walitofautiana, na mengi ya majaribio hayo yalihusu kinga kabla ya ugonjwa, wala si tiba.

Kuhusu tiba yenyewe, jaribio linalostahili kusomwa kwa makini lilifanyika Mexico City na kuchapishwa mwaka 2022. Watu wazima 300 wenye dalili za UVIKO-19, wasiolazwa hospitalini, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa mchanganyiko wa bakteria wanne wa jamii ya Lactiplantibacillus plantarum na Pediococcus acidilactici kwa siku 30. Asilimia 53 yao walipona kabisa kufikia mwisho wa muda huo, dhidi ya asilimia 28 ya wenzao. Fedha za utafiti zilitoka kwa watengenezaji wa bakteria hao, kwa hiyo matokeo yanahitaji kurudiwa na watu wasio na maslahi. Sasa liweke kando ya jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2021, la wagonjwa mahututi 2,650 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia nchini Kanada, Marekani na Saudi Arabia. Baadhi yao walipewa Lactobacillus rhamnosus GG ili wakingwe na nimonia. Waliopata nimonia walikuwa asilimia 21.9 kwa wenye probiotiki na 21.3 kwa wasio nazo. Hapakuwa na faida yoyote, na wachache walikutwa na bakteria huyo mahali pasipotakiwa kuwa na kijidudu chochote. Kwa hiyo wanaosema "haina madhara, jaribu tu" wanakosea. Katika jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2008, wagonjwa wenye uvimbe mkali wa kongosho waliopewa probiotiki walikufa kwa asilimia 16, ilhali kundi la kulinganishia lilipoteza asilimia 6.

Na mtindi wetu je, na togwa? Utafiti wa Tanzania miaka ya 1990 ulionyesha kuwa togwa iliyochachuka hupunguza vijidudu vya kuharisha kwa watoto. Hizo ni habari njema za tumbo, lakini haturuhusiwi kuzihamishia kifuani bila kupima. Uganda wamepiga hatua: shirika la Yoba for Life limewawezesha wazalishaji wadogo kutengeneza mtindi wenye bakteria anayejulikana, ndugu wa karibu wa yule GG. Jaribio ninalolitamani lingeanzia hapo: mtindi kama huo, watoto wenye kinga timamu, tangu siku ya kwanza ya mafua, na hesabu kamili ya antibiotiki walizoandikiwa. Yeyote atakayesema haliwezekani katika vijiji vyetu asubiri juma lijalo, tutakapoenda Odisha, India, ambako watoto wachanga zaidi ya 4,500 wa vijijini walishiriki katika jaribio la Lactobacillus plantarum, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017.