Ganda la Risasi Halipimwi kwa Kung'aa

Walenga shabaha na wawindaji wengi nchini Marekani huokota maganda waliyofyatua wakayajaza upya nyumbani. Anayeanza kazi hii hushughulikia kwanza kuyang'arisha. Si vibaya, ila mng'ao hauonyeshi uzima wa ganda.

Ganda la kawaida ni mchanganyiko wa shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Baruti inapowaka, gesi hulitanua likabana kuta za chemba, moto usipate njia ya kurudi kwa mpigaji. Shinikizo likishuka, hunywea kidogo na kuchomoka. Baadaye husukumwa ndani ya kalibu ya chuma lirudie kipimo chake. Tanua, bana, tanua tena: metali hukakamaa, kama waya unaokunjwa pahali pamoja hadi ukatike.

Shingo ndiyo hutangulia kupasuka, hivyo mafundi huipasha moto kwa sekunde chache ilainike. Kitako moto usikifikie kamwe. Ugumu wake ndio unaokinga macho na mikono ya mpigaji.

Ninachokihofia zaidi ni utepe mwangavu unaozunguka ganda juu kidogo ya kitako. Wakati mwingine ni alama ya kalibu tu; wakati mwingine ukuta umevutwa ukawa mwembamba, na ganda litakatika vipande viwili ndani ya bunduki. Jicho halitoshi kuamua. Pinda ncha ya waya mwembamba, uikwaruze ndani kutoka kitakoni kwenda juu. Ikinasa kwenye mfereji, ganda hilo liponde na ulitupe, hata kama nje halina doa.

Usafi nao una mipaka. Katika karne ya 19, jeshi la Uingereza huko India lilikuta risasi zilizohifadhiwa mazizini msimu wa mvua zikiwa na maganda yaliyopasuka bila kufyatuliwa. Jibu lilipatikana mwaka 1921: amonia itokanayo na mkojo wa farasi ilikuwa ikiila metali iliyobaki na mkazo tangu kiwandani. Basi soma kibandiko cha dawa yako ya kung'arishia; ikiwa na amonia, iache.

Vumbi la mashine ya kung'arishia hubeba madini ya risasi kutoka kwenye fataki za kitakoni, zinazowasha baruti, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Ifungulie mashine hiyo nje, mbali na jikoni, unawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.