Tufe Likiishiwa Gesi

Miaka hii ya uhaba wa petroli, magari mengi ya Bujumbura hulala uani siku nyingi. Mwenye Citroën ya zamani pale Carama, akikuta asubuhi gari limeshuka hadi tumbo linakaribia udongo, huhofia pampu. Katika gari lisilo na vali za kuzuia kushuka, hilo ni jambo la kawaida: injini ikizimwa, mafuta ya haidroliki hurudi polepole kwenye tangi lake; ukiwasha, gari hupanda. Ugonjwa wa kweli ni ugumu. Gari likianza kukurusha katika kila shimo la barabara ya udongo, gesi imekwisha.

Maana springi ya gari hili ni gesi. Mfumo aliouunda Paul Magès ulifungwa kwanza nyuma ya Traction Avant 15-Six H mwaka 1954, kisha DS ya 1955 ikapewa mfumo huo kwa magurudumu yote manne. Ndani ya tufe la chuma kuna kiwambo cha mpira: upande mmoja naitrojeni, upande wa pili mafuta. Gurudumu likipanda jiwe, mafuta husukuma kiwambo na gesi hubanwa. Kadiri inavyobanwa ndivyo inavyozidi kukaidi. Lakini naitrojeni hupenya mpira kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hata gari likiwa limeegeshwa.

Kupima si kazi ngumu. Washa injini, ngoja gari lipande, kisha egemea kona moja kwa uzito wako wote. Likizama na kurudi taratibu, tufe lina uhai. Likigoma kama mwamba, badilisha tufe. Sikiliza na pampu: ikigonga kila baada ya sekunde chache ilhali hakuna anayegusa usukani wala breki, tufe la akiba ya shinikizo limechoka. Inasikitisha kuona pampu nzima ikitupwa kwa kosa la tufe hilo.

Land Cruiser 100 zenye AHC, mfumo wa kurekebisha kimo cha gari, nazo zina matufe ya naitrojeni, japo zimebakiziwa springi za chuma. Shusha gari hadi chini kabisa, soma mafuta kwenye tangi, lipandishe hadi juu, usome tena. Tofauti kwenye matufe mapya ni alama 14 hivi. Zikibaki 7 au pungufu, yamekwisha.

Mafuta nayo hayachanganywi. Citroën zinazotumia mafuta ya kijani ya LHM zikitiwa mafuta ya kawaida ya breki, sili zote huvimba na kuharibika. Hapo hasara huzidi bei ya matufe.

Na kabla ya kufungua chochote, fundi atoe shinikizo lote: mfumo hufikia takriban bar 170, na tundu dogo la bomba linaweza kupenyeza mafuta chini ya ngozi. Aweke stendi imara kabla ya kuingia chini ya gari, kwani shinikizo likitoka, bodi hushuka ghafla. Tufe lijazwe naitrojeni pekee. Oksijeni ya mtungi wa kuchomelea ikikutana na mafuta, hulipuka.