Namba ya zamani, kiraka kipya: usidanganywe na toleo la programu

Kuna ubishi mmoja hauishi kwa watu wanaoanza kutumia Linux. Mtu anaangalia namba ya programu kwenye mashine ya Debian, anakuta ni ya miaka miwili nyuma, basi anaanza: "Aah, hii imechoka, itakuwa imejaa matundu!" Anakwenda kudaunlodi toleo jipya kabisa kwenye tovuti ya wenye programu, analisukumizia humo, na baada ya hapo nusu ya vitu vyake vinagoma. Jamani, namba peke yake haisemi kitu. Leo nataka nieleze kwa nini, na nitatumia kisa cha kweli cha mwaka 2008, kwa sababu kina mafunzo mawili kwa mpigo.

Kwanza tuelewane. Programu huria nyingi zilizomo ndani ya Debian zimeandikwa na watu wengine. Watu wa Debian wanachukua msimbo, wanaufunga kwenye kifurushi, na mara nyingine wanaongeza marekebisho yao wenyewe. Kwa hiyo kosa linaweza kutoka kiwandani, au likaingia wakati wa kufungasha. Hili letu liliingia wakati wa kufungasha.

OpenSSL ni programu inayotengeneza funguo za siri, zile zinazolinda mawasiliano unapofungua tovuti ya https. Hata SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, iliitegemea. Ufunguo mzuri ni ule ambao hakuna anayeweza kuukisia, ndiyo maana OpenSSL inakoroga vitu vingi vya kubahatisha kwenye chungu kimoja kabla ya kuutoa. Mwaka 2006 mfungashaji mmoja wa Debian alikuwa anasumbuliwa na Valgrind, chombo cha kukagua jinsi programu inavyotumia kumbukumbu, kwa sababu kilikuwa kinalalamikia mistari miwili ya OpenSSL. Aliuliza kwenye orodha ya barua pepe ya OpenSSL, hakupata wa kumzuia, akaiondoa yote miwili. Mmoja haukuwa na madhara. Wa pili, kumbe, ndio uliokuwa unamimina vitu vyote kwenye chungu!

Kilichobaki cha kubahatisha ni namba ya mchakato tu, ile ambayo Linux huipa kila programu inapoanza, na kwa kawaida haikuzidi 32,768. Maana yake, kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo kwenye aina moja ya kompyuta, funguo zote zinazowezekana zilikuwa elfu thelathini na kitu. Mwizi angeweza kuzitengeneza zote, akazijaribu moja baada ya nyingine.

Kifurushi hicho kiliingia kwenye tawi lisilo imara (unstable) la Debian tarehe 17 Septemba 2006. Tarehe 8 Aprili 2007 Debian 4.0, iliyoitwa Etch, ilitoka kama toleo imara, na ugonjwa ukiwa ndani. Ubuntu, ambayo inatokana na Debian, nayo iliambukizwa: 7.04, 7.10 na 8.04. Tangazo la hatari lilitoka tarehe 13 Mei 2008, baada ya Luciano Bello wa Debian kugundua kwamba namba za kubahatisha zinakisika.

Sasa tuje kwenye kiini. Tawi la majaribio lilikuwa limeshafika OpenSSL 0.9.8g, na dawa yake ikatoka kama 0.9.8g-9. Etch ilikuwa na 0.9.8c. Mbona wasiwape watu wa Etch hiyo "g" yaishe?

Kwa sababu kati ya "c" na "g" kulikuwa na mabadiliko mengine mengi yasiyohusiana na tundu hilo. Seva za wavuti, za barua pepe na programu chungu nzima zilikuwa zimejaribiwa na "c". Aliyechagua toleo imara amechagua lisibadilike bila sababu. Huwezi kumwekea injini mpya mtu aliyekuja kuziba pancha. Kwa hiyo walifanya hivi:

1. Walichukua msimbo uleule wa "c" uliokuwa ndani ya Etch.
2. Waliurudisha mstari ulioondolewa, bila kuleta mambo mapya ya "g".
3. Waliandika kwenye daftari la mabadiliko la kifurushi na kukipa namba mpya: 0.9.8c-4etch3.
4. Walikijenga upya kwa maktaba za Etch yenyewe, kwa sababu kifurushi kilichojengwa kwa maktaba mpya kinaweza kudai vitu ambavyo Etch haina.

Isome namba hiyo vizuri. 0.9.8c ni toleo la wenye programu. 4 ni ufungashaji wa nne wa Debian. Etch3 ni sasisho la tatu kwa ajili ya Etch. Anayesoma 0.9.8c tu na kuishia hapo hawezi kujua kama tundu limezibwa.

Funzo la pili ndilo lililowaumiza wengi. Kiraka kilitengeneza mashine ya kuchonga funguo, lakini funguo mbovu zilizokwisha kuchongwa zilibaki mbovu. Aliyesasisha kifurushi na kulala alikuwa bado mlango wazi. Ilibidi kutengeneza upya funguo za SSH na vyeti vya tovuti. Funguo za aina ya DSA zilikuwa balaa zaidi: hata kama ulizitengeneza kwenye mashine nzima, kuzitumia tu kusaini kwenye mashine mbovu kulitosha kuziharibu. Ndiyo maana kesho yake Debian ilitoa pia SSH inayokataa funguo dhaifu zinazojulikana, pamoja na chombo cha kuzisaka kiitwacho ssh-vulnkey.

Mchezo wa namba ulijirudia Aprili 2014, tundu la Heartbleed lilipotangazwa. Wenye OpenSSL waliliziba kwenye 1.0.1g, lakini Debian 7 ililiziba kwenye 1.0.1e-2+deb7u5. Aliyeangalia "1.0.1e" pekee angesema mashine iko hatarini wakati ilishatibiwa. Mtindo ni uleule hadi leo: ukiona deb12u1, hilo ni sasisho la kwanza kwa Debian 12.

Kwa hiyo ukiwa na wasiwasi, kabla hujadaunlodi chochote, andika:

dpkg -l openssl
zless /usr/share/doc/openssl/changelog.Debian.gz

Amri ya kwanza inakupa namba kamili, mpaka mkia wake. Ya pili inafungua daftari la mabadiliko, na matundu ya usalama yaliyozibwa kwa kawaida yanatajwa humo kwa namba zake za CVE. Hili la 2008 ni CVE-2008-0166.

Ukimaliza kusoma, jiulize swali la mwisho: je, kosa lililozibwa liliacha kitu kibovu nyuma yake? Kama jibu ni ndiyo, kusasisha ni nusu tu ya kazi.

Mwenye swali au nyongeza atupie hapo chini.