Presha: Neno Moja, Maana Nyingi

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yaliyopata uenyeji katika Kiswahili, "presha" ni mojawapo ya yanayosikika sana katika vituo vya afya vya Unguja. Limetokana na "pressure", neno lenye asili ya Kilatini na maana ya kubana au kukandamiza. Waingereza hulitumia kwa hewa ya tairi, maji ya bomba, damu ya mwilini na hata kwa mtu anayesongwa na kazi.

Kiswahili kimezigawa maana hizo. Fundi baiskeli hupima upepo wa tairi. Mkaazi wa Mji Mkongwe husema maji ya mfereji hayana nguvu ya kupanda ghorofani. Vitabu vya sayansi vina "kanieneo", yaani kani inayogawanywa kwa eneo. Magazetini hutumika "shinikizo", nalo ndilo walilolichukua matabibu katika istilahi "shinikizo la damu".

"Presha" yenyewe imebakiwa na maana kuu mbili: maradhi, na wasiwasi au papara, kama mtu anaposema, "Usinitie presha." Madhara huanza pale maana hizi mbili zinapochanganywa. Muuguzi humuuliza mgonjwa, "Bibi, una presha?" naye akajibu, "Alhamdulillahi, mwanangu, siku hizi sina, nimetulia." Ameulizwa habari za mishipa, amejibu habari za nafsi. Mwingine humeza dawa siku ya msiba au ugomvi tu, na moyo ukitua huziacha.

Shinikizo la damu ni nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa, nalo hupimwa kwa milimita za zebaki. Namba ya juu huonesha nguvu hiyo moyo unapojikaza kusukuma damu, na ya chini huonesha nguvu iliyobaki moyo unapolegea kati ya pigo na pigo. Kwa mtu mzima, namba ya juu ikifika 140 au zaidi, au ya chini ikifika 90 au zaidi, katika vipimo vya siku mbili tofauti, huyo ana shinikizo la juu. Ni kweli kwamba wasiwasi huweza kuipandisha namba kwa muda, na kwa sababu hiyo mgonjwa hupumzishwa kama dakika 5 kabla ya kupimwa. Lakini maradhi yenyewe hukaa hata kwa aliyetulia, mara nyingi bila dalili yoyote, huku yakiidhuru mishipa ya ubongo, moyo, figo na macho. Wapo wanaoyatambua kwa mara ya kwanza baada ya kupata kiharusi.

"Presha ya kushuka" nayo ina utata. Wengi huita hivyo kila kizunguzungu au uchovu, ingawa sababu yaweza kuwa upungufu wa damu, sukari kushuka au upungufu wa maji mwilini. Mwenye shinikizo la juu anayelamba chumvi kwa kudhani presha imeshuka, bila ya kupimwa, hujiongezea hatari.

Kwa hivyo, mhudumu wa afya asitosheke na swali la "Una presha?" Na aulize: "Umewahi kupimwa ukaambiwa iko juu? Namba zilikuwa ngapi? Dawa umemeza lini mara ya mwisho?" Kisha amwandikie mgonjwa namba zake na kumfahamisha kwamba dawa ni za kila siku, za furaha na za huzuni.

Mgonjwa naye aombe kutajiwa namba zake na azihifadhi. Apunguze chumvi, pamoja na samaki wakavu wa chumvi kama papa na ng'onda. Asiache dawa kwa kuwa anajihisi mzima, na kabla ya mwezi wa Ramadhani amuone daktari ili wapange namna ya kuzimeza baina ya futari na daku.