Vazi la Kijidudu cha Kimeta

Leo tutazame kijidudu cha kimeta, ugonjwa uuao ng'ombe ghafula. Kijidudu hiki kina ukuta, na juu ya ukuta kina vazi la protini. Je, vazi hilo hushikwa na nini? Ukutani mmeota minyororo ya sukari. Kila protini ina sehemu tatu zinazoishika sukari hiyo, kama mafiga yashikavyo chungu. Mwaka 2019 wataalamu wa Ubelgiji walilivunja vazi hilo katika panya wagonjwa, nao panya wakapona. Lakini hayo yalijaribiwa kwa panya, si kwa watu. Basi, ng'ombe akifa ghafula, msimchune wala msimle: mzoga ukipasuliwa, vijidudu hugeuka mbegu ngumu zikaazo udongoni miaka mingi. Mwiteni bwana mifugo. Kwaherini.